"They", "todes", "tod@s": fomu moja itoke Kiingereza na Kihispania bila kubagua jinsia

kalamu_mbili:
Wakuu, habari zenu. Nina fomu ya maombi ya mafunzo ya kutafsiri kutoka Kiswahili, na mteja ameagiza lugha isibague jinsia. Kwetu "mwombaji ajaze jina lake" haisemi ni mwanamume au mwanamke, kazi imeisha. Kwa Kiingereza nasita kati ya "he or she" na "they". Kihispania ndiyo balaa: kusema "wote" tu kuna "todos y todas" (wa kiume na wa kike), "tod@s", "todxs", "todes", na kila upande unaulaumu mwingine. Lipi linakubalika, lipi litaharibu fomu?

mhariri_wa_zamu:
Nianze na Kiingereza maana ni chepesi. Tumia "they". Kwa mtu mmoja asiyetajwa jinsia limeandikwa tangu karne ya 14. Wanasarufi wa karne ya 18 ndio waliolipiga vita wakitaka "he" ibebe watu wote, na mwaka 1850 Bunge la Uingereza likapitisha kwamba maneno ya kiume katika sheria yahesabiwe kuwa yanawahusu na wanawake. Mwongozo wa uandishi wa APA (Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani), toleo la 7 la 2019, unalikubali wazi.

Angalia mawili tu. Kitenzi hubaki cha wingi: "they are", hata mtu akiwa mmoja. Pili ni utata: katika "The applicant informs the referees before they sign", anayesaini ni nani? Hapo rudia nomino. Ila kwa fomu, "you" na "your" humaliza karibu kila kitu.

sarufi_na_kamusi:
Kihispania hakina mahali pamoja pa kutibu. Chukua "los alumnos nuevos están cansados" (wanafunzi wapya wamechoka): alama ya kiume au kike imekaa kwenye maneno manne kati ya matano. Ukigusa moja lazima uguse yote, ndiyo maana mabishano yake ni makali kuliko ya Kiingereza.

Alama @ na herufi x ziondoe kabisa. Hazitamkiki, na programu zinazowasomea wasioona huzivuruga. Fomu inayodai kumjali kila mtu haiwezi kumfungia nje asiyeona.

Irabu "e", inayowekwa badala ya "o" ya kiume na "a" ya kike, angalau inatamkika. Álvaro García Meseguer aliipendekeza tangu 1976. Lakini ina mitego. Tahajia hubadilika: "amigo" (rafiki) huwa "amigue", "chico" (mvulana) huwa "chique". "Nuevo" (mpya) ikigeuzwa inakuwa "nueve", ambayo ni tisa. "Profesores" (walimu) ni wingi wa kiume na tayari una "e", kwa hiyo hapo irabu hiyo haikusaidii chochote. Na "les", inayopendekezwa badala ya "los" na "las", tayari ni kiwakilishi cha watendewa.

Upande wa mamlaka, RAE, yaani Akademia ya Kifalme ya Kihispania, inashikilia kwamba umbo la kiume linajumuisha wote. Oktoba 2020 iliweka "elle" (kiwakilishi kisicho cha kiume wala cha kike) kwenye orodha yake ya maneno yanayofuatiliwa, ikaliondoa baada ya siku chache. Jiji la Buenos Aires lilizuia "e", "x" na "@" mashuleni Juni 2022, na Februari 2024 serikali ya taifa ya Argentina ikatangaza marufuku katika ofisi zake. Kwa hiyo muulize mteja fomu inakwenda nchi gani na kwa nani kabla hujaandika mstari.

Njia salama kuliko zote ni kuisuka sentensi upya, kwa Kihispania ambacho hata RAE haina la kukipinga:

"Los solicitantes" (waombaji) → "quienes soliciten"
"Los alumnos" (wanafunzi) → "el alumnado"
"El interesado" (mhusika) → "la persona interesada"
"Nacido en" (aliyezaliwa) → "lugar de nacimiento"
"Bienvenidos" (karibuni) → "te damos la bienvenida"

Katika "persona interesada" upatanisho wa kike unafuata neno "persona", si jinsia ya mtu, kwa hiyo usiogope. "Alumnado" ni kundi. Usilitumie kwa mwanafunzi mmoja.

nukta_mkato:
Naheshimu maelezo hayo, ila kwa nini tusiache "los alumnos" ilivyo? Mzungumzaji wa Kihispania anajua wasichana wamo.

sarufi_na_kamusi:
Kanuni anaijua, ndugu. Lakini majaribio ya wanasaikolojia wa lugha yameonyesha mara nyingi kwamba msomaji wa umbo la kiume huwaza wanaume zaidi, hata panapokusudiwa watu wote. Kwenye fomu inayoita watu waombe nafasi, hilo ni jambo zito.

Vilevile sikubaliani na kuwabandika watu neno wasilolitaka. Utafiti wa Pew Research Center uliotolewa 2020 ulikuta kwamba ni 3% tu ya watu wazima wa jamii ya Walatino nchini Marekani waliojiita "Latinx", yaani "Latino" yenye x ili isibague jinsia. Mtu akiomba mwenyewe aitwe "elle", mwandikie hivyo kwenye barua yake. Waraka wa umma usuke upya.

kalamu_mbili:
Shukrani sana. Limebaki tamko la mwisho: "El abajo firmante declara…" (aliyetia saini hapa chini anatamka). Niweke "El/la"?

sarufi_na_kamusi:
Mkwaju huo (/) unalazimisha mtu achague upande. Andika "Quien suscribe declara…". Ukimaliza, tafuta kwenye faili nzima "él", "ella", "los", "o/a", kisha vivumishi vyote vinavyoishia na "-ado" na "-ido". Hivyo vya mwisho ndivyo hupenya, hasa kwenye maelezo madogo chini ya visanduku vya kujaza.