Dabi za mtaa kwa mtaa: tupeane uzoefu

Beki Mstaafu (Yombo, Dar)
Habari za jioni wakuu. Jumapili timu yetu ya mtaa inakutana na majirani wa ng'ambo ya reli, na nimeshindwa kukaa kimya. Mtu akitaja dabi, wengi mnawaza Simba na Yanga. Sawa, klabu ya 1935 na ya 1936 zimegawa nyumba nyingi mno nchi hii. Mimi nazungumzia timu ambazo hazimo hata kwenye ligi ya wilaya, jezi zake zimetokana na michango ya bodaboda na mafundi cherehani. Uliyecheza, uliyeshangilia, uliyechezesha, karibu usimulie.

Naanza mwenyewe. Nilikuwa beki wa kushoto. Winga wao wa kulia alikuwa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, kaoa ng'ambo ya pili ya reli ya TAZARA. Huyu kijana alikuwa anakula kwangu karibu kila siku, lakini wiki ile ya dabi hakutia mguu. Mke wangu akaniambia usije ukamuumiza mdogo wangu. Nikamwahidi.

Zimebaki dakika chache, bado ni sare tasa, akanipita kwa ndani. Nikamkata kwenye boksi. Penalti, na hakuna aliyebisha, hata mimi mwenyewe. Akaipiga yeye, ikajaa wavuni, watu wakamwagika uwanjani. Mimi nilikuwa bado nimelala pale pale, nimeteguka kifundo. Nikarudishwa nyumbani kwa bodaboda.

Saa mbili usiku nasikia hodi. Shemeji. Kashika mfuko wa barafu za ubuyu, zile za watoto, kanunua kama kumi. Mechi hakuigusa kabisa. Akakaa mkekani, akawa ananiwekea barafu kwenye kifundo, moja ikilainika anaweka nyingine. Dada yake akampakulia wali wake kama siku zote. Mbili zikapasuka, shuka likapata doa jekundu ambalo hata jiki haikulitoa. Lile shuka tunalo.

Mama Mihogo (Tandika)
Wanangu, mimi sijui kuotea ni nini ila dabi naijua kwa karai. Mechi ya kawaida nakaanga karai moja. Siku ya mtaa kwa mtaa nakaanga matatu na kachumbari inaniishia mapema. Mapumziko kama hakuna aliyefungwa, watu wanakula vizuri, pande zote mbili zinasimama kwangu kwenye foleni moja. Timu yetu ikiwa nyuma, hawa wa kwetu hawali kabisa. Wanabaki wamesimama mikono kichwani.

Mwanangu mkubwa alichezea mtaa wa bibi yake, maana alilelewa kule. Mdogo alichezea huku. Siku waliyokutana nilihamisha meza yangu nikaiweka usawa wa katikati ya uwanja, nisije nikaonekana nimeegemea goli la mmoja. Mkubwa alikuja kuniuliza mama mbona leo umekaa huku. Nikampa muhogo, sikumjibu. Matokeo yake siyakumbuki, nakumbuka tu kila mpira ukienda kwa mmoja wao moyo ulikuwa unakwenda mbio.

Kipyenga
Mimi nimechezesha hizi mechi miaka mingi na naomba niseme jambo ambalo mashabiki hawalioni. Dabi ya mchangani inachezwa kwanza kwenye kikao. Mnakaa na viongozi wa timu zote mbili kabla ya mechi, mnakubaliana kila kitu, kwa sababu kesho hao watu watapanda daladala moja. Kwanza mamluki: ni wachezaji wangapi wasio wa mtaa wanaruhusiwa? Ligi Kuu ikiwa mapumziko, unaweza kukuta kijana uliyemwona kwenye televisheni anafunga kamba za njumu chini ya mwembe, kapewa nauli na posho. Usipolimaliza hilo kikaoni, litamalizwa kwa ngumi.

Kisha muda. Viwanja vyetu havina taa, na mwezi wa Juni Dar jua linazama kama saa kumi na mbili na robo. Mkianza saa kumi na nusu, zikawepo salamu za mgeni rasmi na ubishi wa hapa na pale, dakika 90 hazitimii kabla ya giza. Sheria ya 7 inaruhusu vipindi kupunguzwa ilimradi mkubaliane kabla ya mpira kuanza. Mimi husema dakika 35 kila kipindi na naitangaza kwa sauti, kila mtu asikie.

Kuna uwanja mmoja tawi la mwembe limeingia juu ya mstari wa pembeni. Tulikubaliana mpira ukigusa tawi, nasimamisha mchezo na kuudondosha mpira upya. Dakika ya mwisho krosi ikagonga lile tawi, ikamwangukia straika, akafunga. Nikapuliza, nikakataa goli. Mashabiki wakanizunguka. Aliyenitoa pale ni nahodha wa timu iliyonyimwa goli. Alinyoosha mkono kuonyesha tawi, akawaambia watu wake, "Tulikubaliana." Yule kijana namheshimu hadi leo.

Jirani wa Ziwani (Nairobi)
Huku kwetu kuna mashindano ya mitaa ya Koth Biro, pale Ziwani, kiwanja cha Umeme. Jina ni la Kijaluo, maana yake mvua inakuja. Kila mtaa huleta watu wake. Babangu alinibeba mabegani nikiwa mdogo, na mwaka jana nimembebea kiti cha plastiki ndio aketi karibu na laini. Alinionyesha mzee mwingine ng'ambo ile, akasema yule alimpiga chenga mbele ya mamangu kabla hawajaoana. Walisalimiana kwa mkono, wakaketi pamoja mpaka mwisho.

Mbongo wa London
Mimi niko kusini mwa London. Ukiacha ligi nne za kulipwa, chini yake Uingereza kuna ngazi nyingi za klabu za mitaa. Mimi nashabikia Dulwich Hamlet, ya tangu 1893, jezi za waridi na bluu. Uwanja hauna uzio wa kutenganisha mashabiki, mapumziko tunabadilishana magoli, kila upande unafuata goli ambalo timu yake inashambulia, mnapishana njiani mnatazamana.

Mwaka 2018 tulikosa uwanja wetu wa Champion Hill kwa mgogoro wa umiliki. Waliotupokea ni Tooting & Mitcham, wapinzani wetu wa jirani. Tulicheza kwao mpaka tuliporudi Desemba. Nilikuwa napanda basi kwenda nyumbani kwa mtani ili kuita pale nyumbani. Nikiingia getini nilikuwa natoa salamu kwa adabu, kama mgeni.

Winga wa Jumapili (Yombo)
Shikamoo beki. Jumapili nipo kikosini, mara yangu ya kwanza. Beki wao ni binamu yangu, tunalala chumba kimoja. Nifanyeje?

Beki Mstaafu (Yombo, Dar)
Marahaba mwanangu. Jumamosi lala kwa shangazi yako. Mkishinda shilingi, kipindi cha pili mshambulie goli la mashariki, kipa wao jua la jioni litampiga usoni. Upande wa relini pana kichanga kingi, mpira unakwama, usikimbie nao huko, pasia mapema. Na barafu nitaleta mimi.