Mkuu wa chuo anastaafu: ukumbi upewe jina lake?

Kijana wa Bweni C: Wakuu, salaam. Mchungaji anayeongoza chuo cha ualimu cha kanisa nilichosoma anastaafu Juni. Kamati imetuma kadi: kila aliyesoma pale elfu hamsini, ukumbi mpya upewe jina lake, na akina mama washone kitenge cha sare, gharama juu ya gharama. Mzee namheshimu. Kisima kakichimba yeye, kabla yake maji tulikuwa tunateka mtoni. Ila walimu wanalia makato yao ya NSSF, mfuko wa mafao ya kustaafu, hayapelekwi. Ni sawa kumpa ukumbi akiwa hai na madeni yakiwa hai?

Dada wa Kwaya: Kitenge kimekukosea nini? Bia za kipaimara huwa hamziiti gharama juu ya gharama.

Ngosha: Mimi sichangii hata mia. Siku ya kuripoti alisimama getini na rula anapima sketi za dada zetu, halafu mimi akanirudisha nyumbani kwa sababu ya nywele. Kahama kwenda na kurudi! Anirudishie kwanza nauli yangu.

Dada wa Kwaya: Na leo una kipara. Alikuonea mbali.

Ngosha: Dada, tuheshimiane.

Mpare Halisi: Mnabishania nywele. Kwani kuna ubaya gani? Askofu Kibira, mkuu wa kwanza wa KKKT, Kanisa la Kilutheri Tanzania, alipewa chuo kizima pale Bukoba na hakuna aliyelalamika.

Nshomile: Ndugu yangu, usiandike historia kwa kukisia. Aliyetangulia kuiongoza KKKT ni Stefano Moshi, akafuata Sebastian Kolowa. Kibira alikuwa askofu wetu Bukoba, na mwaka 1977, mkutano ukiwa Dar es Salaam, akachaguliwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza. Wote watatu vyuo vilipewa majina yao: Bukoba, Moshi, Lushoto. Na wote walipewa wakiwa wameshalala. Hakuna aliyekaa meza kuu akapiga makofi jina lake likifunuliwa.

Mpare Halisi: Nilijua tu Mhaya atatokea. Hilo la "askofu wetu" limeingiaje?

Nshomile: Limeingia kwa mlango ulioufungua wewe kwa kukosea.

Mpare Halisi: Sawa, profesa.

Mwana wa Dayosisi: Hoja ya kusubiri afe ina mantiki kuliko mnavyodhani. Wheaton, chuo cha Kikristo kule Illinois, Marekani, maktaba yao ilikuwa na jina la rais wao wa zamani, Buswell, aliyeongoza 1926 hadi 1940. Mwaka 2023 wameling'oa, baada ya uchunguzi wa chuo chenyewe kuonyesha alikuwa akizuia waombaji weusi. Na chuo hicho kilianzishwa na watu waliopinga utumwa!

Ngosha: Kwa hiyo hata kufa hakutoshi. Huyo alishalala na bado wamemng'oa.

Mama Mwalimu: Naomba niseme kama mtu wa ndani, sitaji chuo. Karatasi yangu ya mshahara inaonyesha nimekatwa asilimia 10 kila mwezi. NSSF nikiangalia, kuna miezi haionekani. Yaani hela ilitoka kwangu na haikufika. Mimi sina chuki na mzee, aliniombea nilipofiwa. Lakini nikistaafu, mafao yangu atayalipa ukumbi?

Mwana wa Dayosisi: Pole mama. Lakini hilo ni la bodi pia. Mkuu wa chuo hasaini hundi peke yake.

Mama Mwalimu: Bodi hiyo ndiyo iliyotutumia kadi, baba.

Kijana wa Bweni C: Basi mchango tuuelekeze NSSF za walimu kwa jina la mzee. Nani anaipeleka kwa mwenyekiti?

Mpare Halisi: Mwajiri alimbikize deni, tulipe sisi? Peleka wewe.

Dada wa Kwaya: Oda ya vitenge inafungwa Ijumaa. Zambarau, nembo ya chuo kifuani, pesa kwa mweka hazina, siyo kwangu. Mama Mwalimu, wewe sare nakulipia. Ngosha, mkeo yadi nne au sita?

Ngosha: Nne. Ila ukumbi sichangii.