Tupeane uzoefu: maneno ya bazee yenye bado inatutoka mu kinywa

Mwana_Katuba (Lubumbashi)
Jambo yenu bote. Mi si mwalimu wa luga, nauzishaka piesi za motokari pale Kenya (komini yetu, si ile inchi ya Nairobi), na pale ku mbao yangu nasikiaka maneno yenye ungezania Mobutu angali kwake Gbadolite anakunywa chai. Kuko muzee moja alikuya kununua alternateri, akaangalia bei, akarudisha kitu pole pole akasema «mutoto, hapa siko na ata likuta moja». Likuta, ile feza ya zamani (mingi yake ni makuta)! Miye nilizaliwa makuta imeshakufa. Ilikuyaka pamoja na zaire (feza, si inchi) mu 1967, makuta 100 njo zaire moja, na zaire moja ile wakati ilikuwa dola mbili za Marekani, mwambie leo mutoto hivyo aone kama utamaliza kusema. Kisha zaire ikaanguka, ikaanguka, mu 1993 bakaleta zaire ya mupya yenye moja yake ilikuwa milioni tatu za zamani, nayo ikaanguka, 1998 faranga ikarudi. Lakini kinywa ya ule muzee haikupitaka ku banki kubadirisha. Na chini ya likuta kulikuwa tena sengi, 100 njo likuta moja, nayo naisikiaka: «ile pneu haina bei ya ata sengi».
Sasa nauliza, kwenu kuko nani mwenye anasemaka vile, ao ni weye mwenyewe? Tupeane. Ila musilete methali ya mu kitabu, leteni yenye mulisikia na masikio yenu.

Yaya_wa_Kadutu (Bukavu)
Kwetu ni papa, na mi nasema papa anabapita bote. Alifundishaka primere maisha yake yote, na mangaribi batu ya kartie banakuya anabaandikia barua, ya deni, ya ndoa, ya kuomba kazi, yote. Leo yuko na telefone ya kugusa na anatumaka odio ku WhatsApp, mais odio ya papa iko na mwanzo, katikati na mwisho sawa barua. Inaanza: «Kwa binti yangu mupenzi. Kwanza kabisa nakusalimia katika jina la Bwana wetu. Pili, kama ungependa kujua hali yetu huku nyumbani, sisi tuko wazima wa afia, ila hatujui hali yako ya huko.» Huko ni wapi? Niko Nguba, yeye Kadutu, nikipanda taxi nafika mbele odio haijaisha. Kisha unapita habari ya mvua, ya jirani mwenye alifiwa, ya padri mupya mwenye anahubiri marefu (papa njo anasema hivyo!), na pale mwisho kabisa ndio unasikia kama anaomba unite, ile ya kuitia telefone. Ungezania imeisha, bado. «Sina mengi, ni hayo tu. Ni mimi baba yako.» Ananyamaza kidogo, unasikia anapumua, tena anarudia: «Imefanyika Bukavu, tarehe kumi na mbili.»
Mudogo wangu wa Kindu anasikilizaka odio za papa ku mwendo wa mara mbili, baba wa watu anatoka kama mutu ya kutangaza mpira ku radio. Miye nimeacha kucheka, namujibu vilevile, na kwanza, na pili, na nimefanya Nguba tarehe fulani, na nakuambia kweli, ile anapataka jibu kama hiyo haombaka tena unite ile siku, anabaki na furaha yake.

Mutu_wa_Birere (Goma)
Hahaha Yaya, ya kwenu afazali inasema. Shangazi yangu aliishi Walikale wakati ya foni, ile radio ya parokia. Benye hamukuiona: ku foni hamuwezi kusema wote wawili kwa pamoja, mumoja anafinya anasema, mwingine anangoja, ukimaliza unasema «nakupatia» ndio mwenzako afinye naye. Na batu yote kwenye mustari inasikia mambo yenu, kwa hiyo hakuna siri. Sasa tulimununulia telefone. Ananiita, analeta habari, anasema «nakupatia», ananyamaza. Mi najibu ya kwangu, namaliza, naye kimya. Naita alo, alo, shangazi unanisikia? Kimya. Nikazani rezo imekatika, nakata, namuita tena, ananikaripia: «sasa wee unakata namna gani na hujanipatia?» Tangu siku ile namupatia. Na anapiga makelele sana, sawa vile Walikale ingali mbali kama zamani.

Nkambo_Nafasi (Lubumbashi)
Ya kwetu ni posho. Nkambo mwanamuke (nyanya yangu) alikuwa bibi ya mutu wa Union Minière, ile kampuni ya shaba, na pale ku kampi chakula ilikuwa inagawanyiwa kila juma, unga, maharagi, samaki ya kukauka, mafuta ya mawese, ile ndio posho, na batu bakaanza kuhesabu siku na yenyewe. Kwa hiyo nkambo akisema «posho mbili sijakuona» si njaa, ni juma mbili. Union Minière ilinyanganywa 1967 ikakuwa ya leta (serikali), leo ni Gécamines, na hakuna mwenye anamugawia kitu, lakini posho inapita tu, inaingia posho ingine. Bibi yangu mwenye niliowa, wa Kinshasa, alizaniaka analalamika, akamuletea mufuko wa unga. Nkambo hakukatala, muzee mwenye akili.

Mwana_Katuba
Nkambo_Nafasi hiyo ya posho ata miye nasemaka, na sikuijua ni ya zamani!! Na Élisabethville, jina ya zamani ya Lubumbashi, je? Kwetu papa mukubwa anasema «nakwenda Eville» na anaishi ndani yake. Mupira nayo. Anaangalia Mazembe, timu yetu, ku televizyo, jezi nyeusi na nyeupe, anapiga kelele «Englebert! Englebert!» Jina ile ni ya tairi, timu iliivaaka zamani, na ku jina ile ndio ilikamataka kombe ya Afrika ya bingwa 1967 na 1968, kwa hiyo unaelewa mbona hataki kuiacha. Mu 2010 ile Mazembe ilifika fainali ya dunia ya klabu na Inter, yeye anatuambia Englebert imefika.

Cheminot_Kamalondo
Mwambie papa mukubwa Lupopo, timu yetu siye, haikuvaaka jina ya tairi ata siku moja 😏

Mwana_Katuba
Na makombe yake nayo iko palepale.

Bagira_C (Bukavu)
Mie yangu ni ya aibu kidogo. Mama yangu hawezi kusema anaenda chooni, haiwezi kutoka mu kinywa yake, anasema «naenda mara moja kwa Bula Matari». Tangu tuko watoto tunacheka bila kujua. Kumbe ilitoka kwa nkambo mwanaume: zamani za babeleji leta, ndiyo waliita Bula Matari, ililazimisha kila parsele ichimbe choo, na mutu wa usafi alikuwa anapita anafungua mulango kuangalia, ukikosa choo unalipa ao unafungwa. Basi nkambo akienda ndani alikuwa anasema anaenda kulipa kodi. Nyumba yetu yote tunasema vile mpaka leo, na bibi arusi wa kaka yangu siku ya kwanza alifikiria mama iko na dosie ku ofisi ya leta.

Mama_Himbi (Goma)
Goma hatusemaka mwaka, tunasema volkano, ile siku Nyiragongo ililipuka. Shida ni ipi. Muzee wetu akisema «mbele ya volkano» ni ya 1977, mama yake watoto akisema ni ya 2002, ile ya tarehe 17 ya mwezi wa kwanza yenye lava ilipita katikati ya mji ikaingia mpaka ziwani, na batoto kwao volkano ni ya 2021. Kuko jirani walisumbuana juu ya mupaka wa parsele, mumoja anasema «tulipandaka huu muti mbele ya volkano», shefu wa avenii akauliza ipi, wakaanza kugombana upya hapo.

Sitwayeni_Tena (Lubumbashi)
Mulinzi wa pale ninapofanya kazi anakaribishaka kila mutu «sitwayeni, karibu» (raia, vile tuliitwaka wakati ya Mobutu), ata bazungu, ata Bachinwa. Kravati akiiona anaangalia vibaya. Abakosti yake, ile koti ya wakati ya Mobutu ya bila kravati, iko safi kuliko kostimi zetu zote.

Mutu_wa_Birere
Papa wangu akikasirika Kiswahili chake kinapandaka mulima. Siku zote anasema kama sisi, iko, njo, batu. Mukimukosea: «Enyi wazao wa nyoka, ni nani aliyeila samaki ya mama yenu?» Ukisikia «enyi» unatafuta mulango.

Kijana_Ruashi
Munacheka bazee, mais mudogo wangu wa myaka kumi na tatu nilimwambia «ukifika unibipe», akaniuliza kubipe ni nini. Nikamufasiria, unaita, inalia mara moja, unakata, mwenye iko na unite ndio anarudisha. Akaniangalia akasema sasa mbona usiandike tu.

Mwana_Katuba
Kijana_Ruashi karibu ku kikao ya bazee, kiti yako iko hapa.

Bagira_C
Wee kubipe haijafa, kuya Bagira ya mwisho wa mwezi utaona. Leo asubui nimebipiwa na batu tatu, na wote watatu ni bale benye niko na deni yao.