Nashiba kila siku ila nguvu sina. Nitajuaje napungukiwa na nini?

MamaPacha
Wadau, habarini. Chakula sikosi, na nikila nashiba. Asubuhi chai ya rangi na mkate, mchana wali maharage na chai tena, usiku wali na mchuzi. Lakini nikipanda ngazi moyo unanienda mbio, kucha zinakatika ovyo, na mchana nasinzia kazini mpaka wenzangu wananicheka. Kila ninayemweleza ananiambia ninunue multivitamini. Sitaki kumeza kitu bila kujua pengo liko wapi. Nyie mlijuaje?

KijikoMezani
Vidonge achana navyo kwanza, kapime damu. Moyo kwenda mbio kwenye ngazi si jambo la kukisia.

NesiMstaafu
Nakubaliana na Kijiko. Ila huku ukisubiri kipimo, fanya hivi. Nilipokuwa kliniki sikuwa namuuliza mtu "huwa unakula nini?", maana hapo kila mmoja anakutajia mlo wa sikukuu. Nilikuwa nauliza: jana, toka umeamka mpaka umelala, kipi kilipita mdomoni?

Iandike jana yako, kisha ipange kwenye makundi 10 ambayo FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, huyatumia kwa wanawake wa miaka 15 hadi 49: nafaka na mizizi, mikunde, karanga na mbegu, maziwa, nyama na samaki, mayai, majani ya kijani kibichi, matunda na mboga zenye vitamini A, kama karoti na maembe, mboga nyingine, matunda mengine. Wanatazama kama umefikisha angalau 5. Kipimo hicho kilitungwa kwa ajili ya kupima jamii, hakitoi jibu la ugonjwa wa mtu mmoja, lakini pengo utaliona kwa macho yako. Mkate na wali ni kundi moja, usivihesabu mara mbili!

Na hiyo chai ya mchana inanikera. Chuma cha kwenye maharage mwili hukipata kwa shida hata bila chai, na chai inazidi kukizuia. Isogeze mbele saa moja au mbili. Mahali pake weka chungwa au pilipili hoho mbichi, vitamini C inasaidia chuma kufyonzwa. Hedhi yako ikoje?

SiliNyama
Naongezea kwa wasiokula nyama, mayai wala maziwa kama mimi: kwa vitamini B12 msitegemee mboga. Ini huweka akiba ya miaka, kwa hiyo unajiona mzima kabisa, halafu ganzi ya vidole ndiyo inakuja kukushtua. Sisi nyongeza ni lazima.

MamaPacha
Shikamoo nesi. Nimeiandika jana: nafaka, mikunde, na mboga nyingine kwa sababu ya nyanya na vitunguu. Matatu! Nikataka kuongeza nyama kwa kuwa mchuzi ulikuwa wa nyama, ila vipande vyote niliwapakulia watoto, mimi nikamwagia wali rojo. Hedhi ni nzito, tena si kidogo.

NesiMstaafu
Marahaba mwanangu. Rojo halihesabiki. Kesho jipakulie na wewe kipande, watoto hawatadhurika, na ongeza yai na majani ya kijani.

Kwa daktari, hiyo hedhi itaje bila kuulizwa, huenda chuma kinapotelea huko kuliko mezani. Omba kipimo cha hemoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, pamoja na feritini. Kwa mwanamke asiye mjamzito, hemoglobini chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu wa damu, lakini inaweza kuwa sawa huku akiba ya chuma, ambayo ndiyo feritini, imeshakauka. Vidonge vya chuma usianze mwenyewe. Si kila upungufu wa damu ni wa chuma, na chuma kikizidi kinadhuru.

MamaPacha
Asante sana. Jumatatu naenda. Na kahawa je, maana nikiacha chai ndiko nitakakokimbilia?

NesiMstaafu
Yale yale. Nayo isubiri chakula kishuke.