Desemba inatumaliza, mnafanyaje?

Bwana Yesu asifiwe wapendwa,

Naomba mawazo yenu. Mwaka jana usiku wa tarehe 24 nilikuwa kazini, na tarehe 25 nikalala mchana kutwa kama gogo. Kuja kuamka, giza limeshaingia na simu imepigwa mara tisa. Mama alipiga, wadogo zangu walipiga, na katikati ya hizo kulikuwa na meseji tatu za kuombwa hela. Nikashughulikia za hela kwanza kwa sababu ndizo zilizokuwa na haraka. Mama nilimpigia siku ya tatu. Kanisani sikukanyaga kabisa.

Mwaka huu sitaki yajirudie, na ratiba ya zamu bado haijatoka. Mliotangulia huku ugenini mnafanyaje?

Mdogo wenu wa zamu za usiku

----------

Mdogo wangu, amani ya Bwana iwe nawe.

Barua yako nimeisoma mara mbili, maana mimi niliishi hivyohivyo miaka mingi. Nina miaka 14 ugenini, na zaidi ya nusu yake nimefanya kazi za zamu.

Kwanza, usijihukumu kwa kuwa kazini usiku ule. Fungua Luka 2, mstari wa 8, kwenye ile Biblia tuliyokulia nayo. Wachungaji walikuwa wakilinda kundi “kwa zamu usiku”. Andiko hilo nililisikia kila mwaka tangu utoto bila kuliona hilo neno zamu. Nililiona siku moja nimekaa kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, nasoma kwenye simu kabla ya kuingia kazini. Habari ya kuzaliwa Bwana iliwafikia kwanza watu waliokuwa zamu! Nililia pale peke yangu. Tangu usiku ule sijaona tena kwamba kazi inaniweka nje ya Krismasi.

Kinachotuweka nje ni uchovu, na ukimya wetu wenyewe. Ratiba isikukute umenyamaza. Mwandikie msimamizi wako kabla Novemba haijaisha, na uombe kitu kimoja tu: labda asubuhi ya tarehe 25, labda mkesha wake. Papo hapo jitolee kwa siku ambayo wenzako wanaikimbia. Mimi nimekuwa nikifanya hivyo na mara nyingi nimesikilizwa. Ikishindikana, hamisha sikukuu. Kwa makanisa yanayofuata kalenda ya liturujia, Majilio, yale majuma ya kujiandaa na Krismasi, huanza Jumapili ya nne kabla ya Krismasi, yaani kati ya 27 Novemba na 3 Desemba, na furaha ya Krismasi yenyewe huendelea mpaka Epifania, sikukuu ya kukumbuka Mamajusi walivyomjia mtoto Yesu, 6 Januari. Wapo Waorthodoksi wanaoadhimisha kuzaliwa kwa Bwana 7 Januari. Sisi nyumbani tumeshasherehekea tarehe 28 mara mbili, ibada yetu sebuleni, wote tuko macho, na ilikuwa Krismasi kamili.

Sasa nije kwenye lililoniuma zaidi katika barua yako: za hela kwanza, mama siku ya tatu.

Marehemu baba yangu aliwahi kuniambia, kwa upole tu, “Mwanangu, siku hizi nikiona jina lako kwenye simu najua umetuma kitu.” Hakuwa analalamika, alikuwa anashukuru. Lakini nilipokata simu sikuweza kukaa. Mzee wangu alikuwa amezoea kwamba sauti yangu inakuja na muamala, na bila muamala haiji.

Tangu hapo nikatenganisha. Mambo ya hela tunayamaliza Novemba. Nawaeleza wote mahali pamoja, bila kificho: mwaka huu nina kiasi hiki, kitafanya hili na hili, zaidi ya hapo sina. Mwaka wa kwanza walinuna. Binamu mmoja alikaa miezi kadhaa hanijibu salamu, na iliniuma, siwezi kusema haikuniuma. Lakini Desemba ilipofika simu zikawa nyepesi. Ninayempigia hana cha kuniomba, nami sina cha kukwepa.

Halafu kila Jumapili ya Majilio tunapiga simu moja ya familia kwa saa ileile, na humo hatutumani wala hatukumbushani madeni. Tunasoma sura moja kwa kupokezana mistari. Mama mstari wake, mimi wangu, mke wangu wake, na mwanangu ambaye Kiswahili chake kinachechemea naye anasoma wake. Baba alipokuwa hai alikuwa anamsahihisha neno kwa neno, anamrudisha nyuma, “tena”, na mtoto anarudia. Mstari mmoja unaweza kula dakika tatu. Nilikuwa naona tunapoteza muda. Leo dakika zile ndizo mwanangu anazomkumbukia babu yake.

Baba akiomba alikuwa ananyamaza katikati mpaka unadhani mtandao umekatika. Tulijifunza kutogusa simu. Unasubiri tu, na baadaye unasikia anaendelea.

Kaka yenu

----------

Shikamoo kaka. Mdogo wetu, pole na hongera kwa kuuliza.

Yote ya kaka nakubaliana nayo, ila ibada ya sebuleni isikae mahali pa kusanyiko. Mimi nilijifungia hivyo miaka miwili, ibada zote kwenye simu, mpaka siku nilipougua nikagundua hakuna jirani hata mmoja anayenijua kama mwamini mwenzake. Tafuta kanisa lililo karibu nawe hata kama lugha yao huimudu vizuri. Kaa nyuma, fika hata kama umetoka zamu. Na ukisinzia, usione aibu ukaacha kwenda. Kwenye Matendo ya Mitume, kijana Eutiko alisinzia dirishani katika mji wa Troa, Paulo akihubiri mpaka usiku wa manane, akaanguka kutoka ghorofa ya tatu. Paulo alishuka, akamkumbatia, akasema uhai wake ungalimo. Kisha wakapanda tena wakaendelea na ushirika. Mwenye usingizi hakufukuzwa.

Na mji huohuo wa Troa unatajwa mahali pengine katika Biblia. Paulo yuko kifungoni anamwandikia Timotheo amletee joho aliloliacha Troa kwa Karpo, pamoja na vitabu, na ajitahidi kuja kabla ya wakati wa baridi. Mtume mzima anahitaji nguo, anahitaji cha kusoma, na anamhitaji mtu wake. Kwetu wapo wa hivyo wengi: wanafunzi waliobaki peke yao mabwenini, wale ambao vibali vyao haviwaruhusu kusafiri, mama aliyefiwa mwaka huu. Ukiwauliza “unahitaji chochote?” watakujibu hapana, wote. Usiulize hivyo. Sema, “Jumamosi saa kumi jioni niko mlangoni kwako,” na uende kweli, hata kama ni kwa nusu saa. Mimi kuna dada aliniambia maneno hayo mwaka ule nilioanza kuishi huku. Nilikuwa sijaongea kwa sauti na mtu yeyote kwa siku nne.

Dada yenu

----------

Shikamooni wakubwa zangu.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza nifanye. Msimamizi nimemwandikia. Usiku wa 24 nitafanya kazi kama kawaida, ila nimepewa asubuhi ya 25 mpaka jioni ya 26, na mimi nimechukua zamu ya tarehe 31. Kanisa nimelipata, natembea dakika kumi na tano. Jumapili nilisinzia kwenye mahubiri, na mama mmoja aliyekaa pembeni yangu akanisogezea bega lake bila kusema neno.

La hela nimewaambia nyumbani jana. Wawili wamesoma na kukaa kimya. Mama amejibu kwa ujumbe wa sauti, sekunde chache tu. Anauliza Jumapili tutaanzia sura ya ngapi, ili atafute miwani yake mapema.