Uholanzi au Ujerumani: familia yenye watoto wawili ikaishi wapi?

Mama wa Pwani
Jamani, salaam. Mume wangu anaandika programu za kompyuta, na kazi mbili zimemjia kwa mpigo: moja Eindhoven, Uholanzi, nyingine Leipzig, Ujerumani. Mshahara wa Eindhoven ni mkubwa zaidi. Tuko Mombasa, watoto wana miaka 7 na 3, na mimi ni mhasibu. Pesa tumeshazipigia hesabu. Naomba walioko huko wanieleze maisha yenyewe: nyumba, daktari, shule, majirani.

Msafiri wa Utrecht
Dada, anza na nyumba. Uholanzi nyumba ni adimu kuliko kazi. Sisi tulikaa miezi saba kwa mwenye nyumba aliyekataa tuandikishe anwani yake manispaa, na bila kuandikishwa kila kitu kinakwama. Mwajiri akisema "tutawasaidia nyumba", aandike kwenye mkataba.

Ukishavuka hapo, maisha ni matamu. Binti yangu wa miaka 9 huenda shule kwa baiskeli peke yake, njia ya baiskeli ina lami yake mbali na magari, nami sina wasiwasi. Kiingereza kinaeleweka karibu kila mahali, na mhasibu kama wewe anaweza kupata kazi kwenye kampuni za kimataifa kabla hajajua Kiholanzi. Pia mume aulize kuhusu ule msamaha wa kodi kwa wataalamu wanaotoka nje: hadi 30% ya mshahara haikatwi kodi, kwa miaka isiyozidi mitano, ingawa itashuka kuwa 27% kuanzia 2027.

Nesi wa Saxony
Niko karibu na Leipzig mwaka wa sita. Kwa watoto wadogo, mimi nasema Ujerumani. Mtoto ana haki ya kisheria ya nafasi ya chekechea tangu akiwa na mwaka mmoja. Sheria hiyo ni ya 2013. Posho ya mtoto ilikuwa euro 255 kwa mwezi kwa kila mmoja mwaka 2025. Uholanzi nao hutoa, lakini ni ndogo zaidi na hulipwa kila baada ya miezi mitatu.

Kwenye bima ya umma, mama asiye na kipato na watoto huingia kwa mchango uleule wa baba. Uholanzi kila mtu mzima hulipa bima yake, watoto wasiofika miaka 18 ni bure, na euro 385 za kwanza za matibabu kila mwaka zinatoka mfukoni mwako, ingawa kumwona daktari wa mtaa hakuhesabiwi humo. Isitoshe, lazima upite kwa huyo wa mtaa kwanza. Huku mwanangu akiwa na homa nampigia daktari wa watoto moja kwa moja.

Lugha sasa. Bila Kijerumani utateseka, sikufichi. Barua zote ni za Kijerumani, na uhasibu wa huku unataka Kijerumani cha ofisini. Jipe miaka miwili.

Msafiri wa Utrecht
Hapo kwenye shule kuna jambo, nesi. Huko si mnawagawa watoto baada ya darasa la nne?

Nesi wa Saxony
Ndiyo, wakiwa na miaka kama 10. Huyo wa miaka 7 atakuwa na muda mfupi wa kuishika lugha kabla ya kupangiwa aina ya sekondari. Kwenu wanagawanywa wakiwa na 12. Hili linaniuma, nimeona watoto werevu wakipangwa chini kwa sababu ya lugha tu.

Mzee wa Hamburg
Mwanangu, fikiria pia pasipoti. Tangu Juni 2024 Ujerumani inaruhusu uraia pacha, na katiba ya Kenya ya 2010 inaruhusu pia, kwa hiyo ninyi mtabaki Wakenya. Uholanzi kwa kawaida hukutaka uukane uraia wa zamani, isipokuwa kwa sababu maalumu. Sisi Watanzania hatuna bahati hiyo popote; mimi nimekaa miaka 22 na bado sijaomba.

Kuhusu majirani, chama kinachopinga wahamiaji kiliongoza Saxony, jimbo lenye Leipzig, kwenye uchaguzi wa Februari 2025, na Uholanzi chama cha namna hiyo kiliongoza 2023. Leipzig mjini kuna wageni wengi na utapumua. Vijiji vya jirani, nenda kwanza ukavione mchana.

Mama wa Pwani
Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Pasipoti hatukuifikiria kabisa. Mume bado yuko na Eindhoven, mimi linalonizuia ni hilo la darasa la nne. Nesi, Leipzig nitampata wapi mtu wa kumfundisha mtoto Kijerumani kwa kupitia Kiswahili?

Nesi wa Saxony
Chuo kikuu cha Leipzig kinafundisha Kiswahili, wanafunzi wake Wajerumani hupenda sana kubadilishana lugha. Nitumie ujumbe wa faragha, nikuunganishe.