Mkataba wa Mto Nile umeanza kutumika: unamfunga nani?

Muuliza swali
Ndugu zangu, Mkataba wa Ushirikiano wa Bonde la Mto Nile ulianza kutumika tarehe 13 Oktoba 2024, baada ya Sudan Kusini kuuridhia kama Ethiopia, Rwanda, Tanzania, Uganda na Burundi, na kutimiza idadi inayotakiwa ya nchi sita. Kenya ilitia saini mwaka 2010, lakini haimo katika hizo sita zilizouridhia. Misri na Sudan hazikutia saini kabisa, nazo ndizo zilizogawana maji hayo kwa mapatano ya mwaka 1959: Misri mita za ujazo bilioni 55.5 kwa mwaka, Sudan bilioni 18.5. Je, mkataba uliokataliwa na wanaoyategemea maji hayo kuliko wote una nguvu gani?

Mwanasheria wa maji
Kisheria hauzifungi Misri na Sudan, kama ambavyo mapatano ya 1959 hayawezi kuzifunga nchi ambazo hazikushirikishwa. Hoja hiyo ni ya zamani: mwaka 1962 Tanganyika ya Mwalimu Nyerere ilizijulisha Uingereza, Misri na Sudan kwamba haitambui mapatano ya 1929, ambayo Uingereza iliyafanya na Misri kwa niaba ya makoloni yake.

Mazungumzo yalikwama kwenye ibara ya 14(b). Nchi nyingine zilikubali kwamba nchi moja isiathiri kwa kiasi kikubwa usalama wa maji wa nyingine, ilhali Misri na Sudan zilitaka zitajwe pia haki na matumizi yaliyopo. Nyongeza hiyo fupi ingeziingiza zile bilioni 55.5 kwa mlango wa uani. Ibara ikawekwa kiambatisho, imalizwe na Kamisheni ya bonde itakayoundwa chini ya mkataba huo, yaani kiini cha ugomvi kimeahirishwa, hakijamalizwa.

Mhandisi
Naomba tusipime ushirikiano kwa saini peke yake. Katika maporomoko ya Rusumo, kwenye mto Kagera mpakani mwa Rwanda na Tanzania, upo mtambo wa megawati 80 unaomilikiwa kwa hisa sawa na Rwanda, Burundi na Tanzania kupitia kampuni moja, na umeme wake hugawanywa sawa kwa njia inayoelekea kila nchi. Mradi huo uliandaliwa chini ya mwavuli wa taasisi ya nchi za bonde iliyoanzishwa mwaka 1999, yenye makao yake Entebbe, miaka mingi kabla mkataba haujawa sheria.

Mchangiaji wa tatu
Mhandisi, kwa heshima, Rusumo ni mfano rahisi. Mtambo ule huzungushwa na mtiririko wa mto na maji huendelea na safari yake, kwa hiyo hapana wa kunyimwa. Bwawa kuu la Ethiopia kwenye Nile ya Buluu, lililozinduliwa Septemba 2025, lina uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo bilioni 74, ilhali mapatano ya 1959 yalikadiria mtiririko wa mwaka mzima kufika Aswan, kusini mwa Misri, kuwa bilioni 84. Tamko la Khartoum la Machi 2015, kati ya Misri, Sudan na Ethiopia, liligusa ujazaji na uendeshaji wa bwawa hilo, lakini halikusema maji kiasi gani yataachiwa ukame ukidumu miaka kadhaa mfululizo.

Muuliza swali
Basi, Kamisheni ianzie wapi, ikiwa Misri na Sudan zitaendelea kukaa nje?

Mhandisi
Ianzie kwenye takwimu za kila siku. Julai 2020, bwawa lilipoanza kujazwa, Sudan ilisema kituo chake cha kupima maji cha El Deim, karibu na mpaka wa Ethiopia, kimeonyesha upungufu wa mita za ujazo milioni 90 kwa siku. Anayeendesha bwawa la Roseires la Sudan, lililo chini kidogo ya hapo, anahitaji kujua kabla ya muda ni kiasi gani kitafunguliwa juu, na taarifa hiyo inaweza kutumwa hata kwa nchi isiyo mwanachama. Suala la ukame lina uzito zaidi, nakubali, ila sioni litakavyojadiliwa ikiwa kila upande unaleta vipimo vyake na kuvikataa vya mwenzake.